Mwanachama wa Mia na Saba

Bellevue,
Johannesburg,
Afrika Kusini.

Jumapili, 26 Novemba 2023

Mpendwa Kaka Dismas,

Shikamoo, kaka yangu. Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi za kanisani kwa kushikwa mkono? Wifi Chiku hajambo? Na mvua za vuli zimefika huko Morogoro, au mnatazama mawingu tu?

Sisi huku afya tunayo, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia.

Unajua shemeji yako Sipho yuko bunge la mkoa mwaka wa tisa sasa. Mwakani ni uchaguzi, na kabla wananchi hawajapiga kura, chama chenyewe hupima watu wake. Kila tawi hukutana na kuchagua jina la kupeleka mbele. Miaka yote tawi letu lilipeleka jina la Sipho bila ubishi. Safari hii alijitokeza wa kumpinga, tena humo humo chamani. Ni Brightness.

Binti huyu unamjua, ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege ulipokuja kwenye harusi ya mwanetu Thandeka. Amefanya kazi ofisini kwa Sipho miaka sita. Siku ya mahafali yake nilimvisha mimi. Wiki tatu zilizopita alikuja mchana, akakataa chai.

"Mama, nitagombea dhidi ya Baba. Nimetaka ulisikie kwangu."

Nikamuuliza Sipho amemkosea nini.

"Mimi hajanikosea. Mtaa wa chini mabomba yamekauka tangu Agosti. Watu wanampigia, hapokei. Anayetukanwa ni mimi."

Kaka, nilitaka kumfukuza, nikashindwa, kwa maana alisema kweli. Sipho amechoka. Simu yake huita mpaka inanyamaza yenyewe.

Hilo la maji lingekuwa ugomvi wa haki. Ila lilizuka na jingine. Mwaka jana kikundi cha watu kilisimama langoni mwa zahanati moja hapa mjini, kikiwazuia wageni kuingia. Victoire, jirani yetu Mrundi, alikuwa pale na mtoto mwenye homa. Sipho alimchukua yule mtoto mikononi, akapita katikati yao mpaka ndani. Sasa ikaanza kusemwa kwamba anawatumikia wageni kwa sababu mkewe ni mgeni. Brightness aliniapia kwamba maneno hayo hayakutoka kwake, nami namwamini. Lakini yalimsaidia.

Alhamisi, tukiwa mezani, Sipho aliweka kijiko chini, akaniita kwa jina la ukoo wetu kama desturi ya kwao, akasema bila kunitazama, "MaMkude, Jumamosi usije mkutanoni. Wakikuona, watakumbuka yale maneno."

Miaka thelathini, kaka, tangu niondoke nyumbani kumfuata! Uraia ninao. Kadi ya chama ninayo mwaka wa ishirini na mbili. Uchaguzi baada ya uchaguzi nimegonga milango ya watu hapa na karatasi zake mkononi. Nikamjibu "sawa", nikaondoka nikaosha vyombo.

Jana nilikaa nyumbani kama nilivyoambiwa. Saa tisa na nusu Jeannine, jirani yangu ambaye naye ni mwanachama, akanipigia kutoka ukumbini. Walikuwa watu mia na sita. Akidi ni mia na saba. Katibu ametangaza kwamba ikifika saa kumi akidi haijatimia, mkutano unaahirishwa wiki mbili. Bheki, anayemwendeshea Sipho kampeni, alikuwa amewaambia watu wetu kadhaa wabaki majumbani makusudi, apate muda wa kuzunguka na kubembeleza. Na kweli, ndani ya wiki mbili Sipho angeweza kupona.

Nilikaa na simu mkononi. Nilijua nikienda nitamponza mume wangu. Lakini nilikuwa nimejifungia ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi, na kadi ni yangu. Nikavaa viatu. Ukumbi wa shule hauko mbali, ila jana niliuona uko mbali sana.

Nilifika zimebaki dakika nane. Nilipoiweka kadi mezani kwa katibu, mtu akapiga kelele nyuma yangu, "Huyo asihesabiwe! Huyo ni wa Tanzania!"

Nikageuka. Alikuwa Bheki. Mtu wetu, kaka!

Ukumbi ukachafuka. Wengine walicheka. Wa upande wa Brightness walidai nihesabiwe, lakini si kwa kunipenda, walitaka idadi tu. Yeye Brightness alikuwa ameinamisha kichwa. Katibu, mzee mpole, akamgeukia Sipho. "Mheshimiwa, unasemaje?"

Sipho alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake, nami sikuweza kuitazama, nilimtazama yeye. Alichelewa, kaka. Sitakudanganya, alichelewa.

Kisha akasimama. "Mke wangu ni mwanachama wa tawi hili. Mimi nilikuwa mkimbizi kwao Morogoro, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Mhesabuni."

Wakanihesabu. Kura zikapigwa. Brightness sitini na nne, Sipho arobaini na tatu.

Sipho alikwenda akampa Brightness mkono mbele ya watu wote. Yule binti alilia. Alipokuja kwangu na mikono wazi, nami nilimpa mkono. Kumkumbatia kulinishinda.

Tulirudi kwa gari. Kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, tukisubiri nyekundu, Sipho akasema, "Ungebaki nyumbani, tungepata wiki mbili."

"Najua."

Taa ikawa kijani. Wa nyuma wakapiga honi, yeye hakuondoa gari. "Nilikukosea Alhamisi," akasema. "Eish, MaMkude, nilikukosea sana." Ndipo akaendesha.

Leo kanisani waliotukimbilia kila Jumapili walipita pembeni. Bheki amepiga simu mara nne. Sipho anaiona, haipokei. Sasa hivi yuko uani, amevua shati, anafukua mfereji ulioziba tangu Pasaka. Sijui tutakuwa watu gani atakapotoka bungeni. Naogopa, kaka, usimwambie mtu.

Mpe wifi Chiku salamu zangu nyingi, na mama mdogo Felista, na Mzee Mansour wa nyumba ya jirani kama bado yupo. Mungu awape mvua ya kutosha, na goti lako alitie nguvu mpaka tuonane.

Jambo moja la mwisho. Tangu jana Sipho hajaniuliza kura yangu nilimpa nani. Nadhani anaogopa jibu. Nilimpa yeye. Akimaliza huo mfereji nitampelekea maji ya kunywa, nimwambie.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Perpetua