Alama Yangu Ndani ya Kifungo

Karakana ya Saa, chumba cha nyuma,
S.L.P. 418.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa baridi sasa limekubali kupanda ngazi. Huku sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia. Mimi nakula na kulala kama kawaida, ila hasira ndiyo imekataa kupoa, na leo ni siku ya sita.

Nakuandikia wewe kwa sababu uliketi kwenye kiti hiki hiki kabla yangu, mbele ya dirisha hili hili, na marehemu Babu akakufundisha kazi ile ile: kukagua vifungo vya mikanda ya chuma ya saa za zamani. Hapa nyumbani nikianza kusema habari za vifungo, watu wanatazamana. Wewe hutanicheka.

Unaikumbuka sheria ya Babu. Aliyekagua kifungo anachora alama yake kwa sindano upande wa ndani, mahali ambapo mvaaji haoni, na saa isiyo na alama haitoki dukani. Yako ni mwezi mchanga. Bado nakutana nao kwenye saa zinazorudi baada ya miaka mingi, na vifungo vyake bado vinashika. Yangu ni nukta mbili na mstari. Nilipewa nikiwa na miaka kumi na sita, nami niliionea fahari kuliko vyeti vyote nilivyokuja kupata shuleni.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Bibi Mkunga, yule mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alileta saa ya marehemu mumewe isafishwe. Nikausugua mkanda kwa brashi laini na maji ya sabuni, nikaukausha, nikaweka kioo cha kukuzia jichoni. Ulimi wa kifungo, ule unaoshika upande wa pili, ulikuwa umelika ukawa mviringo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Ukikifunga kinalia "ta!" vizuri kabisa. Ukikivuta kwa kidole kimoja kinaachia.

Nikamwambia Baba Mdogo, ambaye ndiye mwenye duka sasa, kwamba kifungo hakifai, kinataka ulimi mpya.

"Profesa," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nimalize chuo, "si kinalia? Kipige brashi king'ae, mwenyewe aje achukue."

Nikakataa. Kung'arisha ulimi uliolika ni kuzidi kuula. Niliirudisha saa kwenye sinia bila alama, nikashika kazi nyingine, nikiamini haiwezi kutoka. Hapo na mimi nina kosa, Shangazi, na nimelifikiria sana. Sikuifunga hata karatasi ya kusema nimeikataa. Nilinyamaza kwa majivuno, nikidhani kunyamaza kwangu kunatosha kuwa neno.

Jumatatu Bibi Mkunga akaingia na saa ndani ya bakuli. Ilikuwa imemchomoka mkononi akimwogesha kitukuu, ikazama kwenye beseni. Kioo kimejaa ukungu, mishale imesimama.

"Mliniambia imekaguliwa! Nani kaikagua? Aje hapa nimwone uso!"

Baba Mdogo hakunitazama. Alikifungua kifungo, akamwonyesha kwa ncha ya koleo. "Alama hii hapa, Bibi. Ni kazi ya binti yetu huyu. Vijana wa siku hizi, tuwavumilie tu."

Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana yangu inawahi." Wakacheka.

Niliichukua saa, nikaiweka chini ya kioo. Nukta mbili na mstari. Lakini mimi naandika kwa mkono wa kushoto, na mstari wangu siku zote unalalia kushoto. Huu ulilalia kulia. Masikio yalipata moto hadi nikashindwa kusikia saa za ukutani.

"Baba Mdogo, huu si mkono wangu."

"Alama ni alama. Unataka kuniumbua mbele ya watu?"

Kuumbuliwa! Yeye ndiye aliyeogopa kuumbuliwa! Nilivua aproni nikatoka. Nyumbani Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Meza tu, mwanangu. Ni baba yako mdogo. Nenda kamwombe bibi wa watu radhi, yaishe." Nimekuwa nikimeza tangu siku hiyo. Niombe radhi kwa kazi niliyoikataa? Mtu akichukua kalamu yako akaandika uongo, wewe ndiye wa kufuta?

Alhamisi nilikwenda kwa Bibi Mkunga, lakini si kwa radhi aliyoitaka Mama. Nilimkuta uani akianika nepi. Nilimweleza yote, na lile kosa langu la kunyamaza sikulificha. Aliendelea kubana nepi mpaka zikaisha.

"Mimi nimefunga vitovu vya nusu ya mtaa huu," akasema. "Kila nilichokifunga nilikifunga mwenyewe, na kila nilichokiandika nilikiona. Angetokea mtu afunge vibaya halafu aandike jina langu, ningemshika masikio mbele ya daktari." Akaingia ndani, akatoka na lile bakuli. "Itengeneze wewe. Na usinipe mpaka umeivaa ukafua nguo nayo."

Ninayo mkononi ninapoandika. Nimeikausha mashine, nimeweka ulimi mpya, nimebadilisha na kipini, kile kijiti cha chuma kinachoshika kifungo kwenye mkanda. Mstari wa uongo sikuufuta. Nitachora wangu pembeni yake siku nitakayoridhika, si kabla.

Sasa nifike kwenye jambo hasa lililonifanya nishike kalamu. Jana nilirudi karakana nikamuuliza Baba Mdogo ni saa ngapi nyingine amezitia alama yangu. Alifuta kioo chake cha kukuzia kwa muda mrefu, na hakikuwa na vumbi. Akasema macho yake hayaoni tena makali ya ulimi, na wateja siku hizi wanaulizia nukta mbili. Nilimhurumia, Shangazi, nami nikakasirika kwa kumhurumia. Angesema tu, "Mwanangu, nisomee hiki," ningemsomea kila siku ya maisha yake!

Kisha akasema, "Mbili tu. Ya Bibi. Na ya dada."

Ya dada ni yako. Saa ya Babu, uliyotumiwa mwaka jana kwa mkono wa msafiri. Mimi nilikuwa kwenye mitihani. Sikuiona hata kwa mbali. Uliponiandikia, "Asante kwa kazi ya mikono yako, naivaa kila siku," nilidhani unasema kile kitambaa nilichokudarizia. Mwaka mzima unaivaa kwa kuniamini, na mimi sijui.

Basi tafadhali, kabla hujamaliza kusoma, ivue. Kaa kitandani ili ikianguka iangukie godoro. Funga kifungo uvute bila kuinua kibati cha juu, kile cha kufungulia. Kisha zungusha mkanda kwenye taulo lililokunjwa, ufunge, utikise mara thelathini. Tazama kama kipini kimetokeza upande mmoja. Vidole vyako vinajua haya kuliko vyangu. Nayaandika ili nipumue. Kikiachia hata mara moja, usiivae, nitumie kifungo tu. Kikishika, chukua sindano, uchore mwezi wako. Ule mstari uliomo usiuamini.

Baba Mdogo nimemwambia nakuandikia. Akaomba nisiandike. Nikamwambia karatasi zipo, aandike na yeye. Mpaka sasa hajaandika.

Mama anakusalimu na anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari. Wasalimie binamu zangu, Kibibi na Mrefu. Mwambie Mrefu saa yake ya plastiki siitengenezi. Mungu akulinde ngazini na barabarani, na akutunzie kila ulichokifunga kwa mkono wako mwenyewe.

Hapa chini nimeichora alama yangu kwa kalamu, polepole, kwa mkono wa kushoto. Ishike kando ya kifungo cha Babu ulinganishe.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

• • \