Namba za Kila Asubuhi

Mwanangu kipenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe, mumeo na huyo mjukuu wangu mtukutu. Meno ya mbele yameshaota? Na kifua chako, bado kinabana asubuhi? Usitoke nje na nywele mbichi, nimeshasema. Huku baba yako mdogo anakusalimu sana, na paka amezaa tena ndani ya kabati la nguo zako.

Sasa habari za shule. Ndiyo, mama yako anasoma uzeeni! Kila Jumanne tunakaa kwenye stoo ya zahanati, wazee tisa katikati ya maboksi ya glovu, muuguzi anatufundisha kupima presha kwa mashine kama ile uliyoninunulia na kutuma namba zahanati kwa simu, nao wanakufikishia na wewe. Dereva mmoja mstaafu, tunamwita Mzee Breki, anabonyeza kioo kama anaua kunguni. Muuguzi akamwambia, babu, gusa taratibu. Mzee akajibu kwamba ameendesha lori miaka arobaini bila kufundishwa na mtoto, na hapohapo akajipiga picha ya pua. Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia.

Mimi niliyeishia darasa la tatu ndiye niliyekuwa wa kwanza kutuma bila kusaidiwa. Na wewe ulipoziona namba kwenye simu yako ukaniandikia kwamba presha yangu imetulia kama ya msichana. Niliusoma ujumbe huo nikakosa raha.

Mwanangu, kaa chini kwanza. Zile namba si zangu. Ni za Mama Mkaa, jirani. Siku ya kwanza kujipima nyumbani, mashine ilitoa namba za kutisha. Nikakumbuka mwaka jana ulivyoacha kazi ukaja kuniuguza, uliporudi ukakuta nafasi yako ina mtu. Nikasema safari hii hapana. Basi kila asubuhi nikawa naipeleka mashine kwenye kibanda chake, ananipa mkono, napima, natuma. Mwenyewe alinung'unika, akaniuliza kama siku wakitaka mkojo nitamfuata na kikopo pia.

Kumbe daktari naye alikuwa anaziangalia. Wiki iliyopita akatuma ujumbe kwamba naendelea vizuri, kidonge nimeze nusu. Nikaona aibu kukataa, nikameza nusu. Siku ya tatu kichwa kiligonga, ukuta ukazunguka. Mama Mkaa akanifokea kwamba mkono wake si wa kumzikia shoga yake, akanikokota hadi zahanati.

Nilimweleza muuguzi yote nikingoja matusi. Akavuta stuli, akanipima, akanipa simu nitume mwenyewe. Kidole kilikataa. Akangoja tu. Nikatuma. Hata sijafunga mkoba, daktari akapiga: kidonge kizima kikarudi na kingine kikaongezwa. Tangu jana presha inashuka. Bado ni mbaya, lakini inashuka, nimeiona kwa macho yangu.

Nimemwomba muuguzi namba zangu za kweli zisifike kwako kwanza mpaka upate barua hii. Amenipa mpaka Jumatatu. Baba yako mdogo ndiye anayekuletea, usimbane maswali, hajui kitu.

Basi kuanzia Jumatatu ukiona namba zimepanda, usifunge mzigo, usiage kazini. Nipigie tu uniulize kama nimemeza. Nitakujibu kweli.

Mbusu mtoto, msalimie mumeo. Nisamehe.

Ni mimi,
Mama yako