Mahali pa Baba Stesheni

Shangazi Nerys mpenzi,

Hili sijamwambia mtu: kila asubuhi, kabla ya shule, napitia stesheni. Mama anataka tuhame. Anasema tangu reli ifike mji huu umekuwa wa kulala tu, watu wote wanashinda kazini London, na hakuna aliyemjua Baba. Lakini pale alipozoea kusimama kungoja treni ya London hapasimami mtu tangu tumzike. Jana mgeni mmoja akapasogelea. Bwana mmoja wa baiskeli ya kukunja, ambaye miaka kumi na moja alipanda treni hiyo na Baba bila kumpa hata salamu, akamwambia, "Samahani ndugu yangu, hapo pana mwenyewe."

Nimeogopa kumweleza Mama, nisije nikamliza. Sasa nasikia miguu yake ngazini. Barua ninazokuandikia huwa nazifunika kwa daftari. Hii naiacha wazi, aisome.

Mtoto wa kaka yako,
Tegwen