Pazia la Chumba cha Mama

Jumatatu, 18 Agosti 2025
Kliniki ya Mama imefunguliwa leo. Chumba kimoja hospitalini, zamani stoo ya magodoro. Ni ya wenye vidonda, na ya wanaotoa choo kwa tundu la tumboni, kwenye mfuko. Nesi aliyesomea kazi hiyo ni Mama peke yake. Wamekuja watatu, wote vidonda vya miguu.
Babu hakwenda.

Jumatano, 20 Agosti
Babu ana mfuko tangu operesheni ya Mfunguo Pili, mwezi wa Mei. Plasta ya kuushikilia huikata kwa kukisia, tundu kubwa mno — choo kinapenya, ngozi imeungua. Msikitini haendi tena. Anaogopa kuvuja katikati ya safu.
Leo nimemsikia akimwambia Baba kwa simu, Baba yuko Maskati: Mwanakheir ni mkwe wangu, nimfunulie tumbo mkwe? Hata.
Mama, Mwanakheir mwenyewe, kasikia. Kaendelea kuchagua mchele.
Nimesoma kijitabu cha kliniki mara mbili.

Alkhamisi, 21 Agosti
Nimemwambia Babu: Mama akae nyuma ya pazia, aelekeze. Nifanye mimi.
Babu kanitazama sana. "Wewe, Ammar? Unayekimbia kuku akichinjwa?"
Nikamwambia hakuna damu.
"Haya twende, mume mwenzangu. Ukizimia nakuruka, nakwenda zangu."
Kliniki, pazia la kijani katikati. Sauti ya Mama: "Pima tundu kwanza. Milimita ngapi?"
"Thelathini."
"Kata thelathini na mbili. Usizidishe."
Nilikata. Nikaigeuza plasta, nikapima tena.
"Mwanakheir," Babu kaita, macho darini, "huyu mtoto ana mikono kweli?"
Mama kacheka. Sijapata kumsikia akicheka mbele ya Babu. Kisha: "Inauma, Baba?"
"Haiumi."
Ilikuwa inauma, nilimwona.
Mwisho, kiganja juu ya plasta dakika tano, ipate joto, ishike.

Ijumaa, 22 Agosti
Babu kavaa kanzu nyeupe, leo anarudi msikitini. Mama kanituma nimwambie avae ile ya kahawia. Kakataa. Ya Ijumaa ni nyeupe, kasema. Na mimi niende nikasali msikiti mwingine — hataki akiinuka kwenye sijda anikute namkodolea tumbo.
Nimekwenda, nimesali, nimerudi. Saa nane kasoro robo. Babu bado.
Mama yuko dirishani, anakunja shuka ile ile. Nimeuliza nikamtazame? Kaa, kasema.
Kisha, bila kugeuka: "Ulishika dakika tano kamili?"
Nimesema ndiyo. Saa sikuwa nayo. Nilihesabu kichwani, na nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huhesabu haraka.