Mtani Wetu Bwanali na Bima ya Kirikuu

Kitangari,
Newala.
19 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Shadrack,

Nakusalimu kwa upendo wote wa dada. Hujambo? Claudia na watoto wanaendeleaje na mvua za huko Bukoba? Mama amezipokea shikamoo zako, anasema marahaba, ila anaona siku hizi unazituma kwa kubana. Sisi tu wazima, isipokuwa shemeji yako Anselmo, ambaye habari zake utazikuta humu humu.

Umeniuliza kuhusu gari ulilonunua, ukate bima ndogo au kubwa. Kata kubwa. Usianze kuniambia kwamba sheria inatosheka na ndogo. Ndogo inamlipa uliyemgonga. Wewe ukivunjika na gari likapondeka, Claudia atabaki anatazama ukuta. Tena mwambie wakala akuongezee ya ajali kwa dereva na abiria, na akusomee inalipa nini, maana hiyo haiji yenyewe. Sisi tulikata zote, na ndiyo maana nina hasira mpaka leo.

Novemba Anselmo alikuwa anapandisha maji na kirikuu chetu, madumu yamejaa nyuma. Akamkwepa mbuzi, kirikuu kikapinduka, yeye paja likavunjika. Polisi walipofika alikuwa ameshakimbizwa hospitali, kwa hiyo hakuna aliyempima kilevi. Daktari akasema asipowekewa chuma mguu utaunga upande, na kuendesha gari ndiyo basi tena. Sikulia sana siku ile. Nilijua bima ipo.

Mkaguzi wa kampuni ya bima, kijana mmoja mgeni wa huku anayeitwa Jonathan, akaja nyumbani wakati sebule imejaa watu wa kutupa pole. Ndipo akaingia Bwanali wa Mnyambe. Unamkumbuka mtani wetu: ukoo wake na wetu tunatukanana hata msibani, tunanyang'anyana kuku, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Akasimama mlangoni akapaza sauti: "Mlevi mkubwa wewe! Maji ya watu umeyamwaga, uraka umeubakiza tumboni! Si nilikuona mwenyewe Makote, umelala chini ya pipa?"

Nyumba nzima ilicheka, kwa sababu Anselmo na vidonda vyake vya tumbo hajawahi kuonja pombe ya mabibo. Anselmo mwenyewe alicheka huku ameshika paja. Yule kijana hakucheka. Aliandika. Wewe siku hiyo ikikufika, Mungu apishie mbali, mkaguzi mpokee peke yako, watani wasubiri uani.

Kampuni ikajibu kwamba hailipi, dereva alikuwa amelewa na shahidi yupo. Nikaenda Mnyambe kumwomba Bwanali afike ofisini kwao Masasi akaseme alikuwa anatania. Shadrack, alicheka! "Mama Flora," akasema, "tangu lini utani ukafutwa? Ukikasirika, wewe si mtani tena." Akanifungia na mihogo ya kurudi nayo. Niliitupa njiani.

Nikanyamaza. Lakini kila nilipomwinua Anselmo kumpeleka chooni, naye ameuma meno asipige kelele, nilikuwa nampangia Bwanali.

Desemba akawa anamwoza Nuria, binti yake wa pekee. Jumamosi asubuhi nilikwenda na shangazi zetu wawili, nikaingiza mkono kwenye gari la bibi harusi, nikachomoa ufunguo. Watu wakashangilia, maana mtani akizuia harusi anapewa kuku, anaachia. Bwanali akaleta kuku. Nikakataa. Akaleta mbuzi. Nikakataa, na nikaona jasho linamtoka chini ya kofia. Nilifurahi, sikufichi. Nikamwambia twende Masasi akaufute utani wake, na akikasirika, yeye si mtani tena.

Akampigia mkaguzi, simu ameiweka spika, vigelegele nyuma vinasikika. Akaeleza kwamba siku ile alikuwa anatania tu. Kijana akauliza: "Na leo, mzee wangu, nitajuaje kwamba hutanii?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kijana akasema Bwanali aje mwenyewe aape mbele ya wakili, na ofisi inafungwa mchana. Ndoa nayo ilikuwa inafungwa adhuhuri. Bwanali alimtazama binti yake ndani ya gari, akamwambia mdogo wake Awadhi amwozeshe kwa niaba yake. Nikamrudishia dereva ufunguo, sisi tukapanda gari la Masasi. Alikuwa amevaa kanzu mpya. Njia nzima alikuwa anaikung'uta vumbi, nami sikumsaidia.

Basi, bima imelipa. Anselmo amewekewa chuma, anakanyaga kwa magongo, na daktari anasema ataendesha tena. Bwanali nilikutana naye juzi gulioni. Alinisalimia kwa adabu, "Habari za nyumbani, mama," kama mtu asiyenijua, akapita.

Anselmo hajanishukuru. Aliposikia Nuria ameolewa baba yake hayupo, alisema jambo moja tu, kwamba ofisi ingefunguliwa tena Jumatatu. Kama sijui! Nilijua tangu naingiza mkono kwenye lile gari. Jumatatu isingemuuma.

Wasalimie Claudia, wanangu wote na jirani yenu Mama Huruma. Flora anakusalimu, anauliza gari lako ni la rangi gani. Mungu alilinde na wote watakaopanda humo, na akate bima yenu kubwa kuliko hii ya wakala.

Ni mimi dada yako anayekupenda siku zote,

Yuliana