Nilipoenda Kupalilia na Enoka

Baba Zakaria,

Najua utacheka ukisikia mchungaji mzima anamwandikia marehemu, tena mimi niliyewakataza kina mama wa mtaa wangu kuongea na makaburi. Cheka tu. Zaidi ya mwaka nimejikaza, sasa nimeshindwa.

Kwanza nikupe habari za mazishi yako, maana hukuyaona vizuri. Ulisema mhubiri awe mmoja na asizidishe nusu saa. Wapi! Tulihubiri wachungaji sita, mimi nikiwa wa tano, na mvua ikatukuta bado tunakusifu. Ungeweza kuinuka ungetutimua kwa fimbo.

Mengi yamebadilika. Bendera yetu inapepea pale kwa DC, na DC mwenyewe ni Mwafrika mwenzetu. Mzungu wa misheni amerudi kwao, ametuachia taipureta moja na paka mwenye kiburi. Vijana waliosoma wanaitwa kila siku kwenda kukalia viti vya ofisini. Na halmashauri ya kanisa iliniita, ikaniambia, Habili, ile kazi ya Zakaria ya kuwakagua wachungaji sasa ni yako.

Kukagua! Hawakujua hata kidogo ulichokuwa ukifanya.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu mara ya kwanza? Nilikuwa nimekuandalia kiti kizuri na kitambaa cha meza. Ukavua koti, ukauliza jembe liko wapi. "Mtu akikaa kwa kiti anahubiringa tu," ulisema. "Akiinama anasema ukweli." Tukaingia kwenye mahindi, wewe mstari wako, mimi wangu, macho chini kwenye magugu. Hapo ndipo uliponiuliza juu ya kazi yangu: nimeingia nyumba za nani, nini kilinifurahisha, na ni mlango gani ninaupita nikiangalia pembeni. Ukishauliza, unanyamaza. Niliogopa ule unyamavu wako kuliko hasira za mama yangu.

Na ile siku ya kuku! Nilikutajia kwa majivuno nyumba kumi na moja nilizotembelea mwezi ule. Ukapalilia mpaka mwisho wa mstari, ukageuka, ukauliza, "Walikupikia nini?" Nikaanza: ingokho kwa mzee wa kanisa, ingokho kwa mwalimu, ingokho kwa fundi wa cherehani... Nilipofika nyumba ya saba nikasikia aibu inanipanda masikioni. Kote huko hakukuwa na nyumba moja ya ugali tu, obusuma na mboga. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, akapewa na firigisi, na mimi nilikuwa nachunga firigisi, kondoo nimewasahau. Hukunikemea. Ulicheka mpaka ukaegemea jembe usianguke, ukasema, "Habili, kuku wa mtaa huu wanakuombea uhamisho." Wiki iliyofuata nilienda kwa bibi kizee mmoja aliyekuwa na chai ya rangi tu, nikakaa naye mpaka mchana ukaisha.

Sasa sikia. Mtu wa kwanza niliyepewa ni Enoka wa Iguhu, yule kijana uliyesema anapenda watu kwa dhati. Alikuwa ameandika barua ya kuacha uchungaji, na kazi ya ukarani alishaahidiwa. Halmashauri ikanikabidhi barua hiyo, ikaniambia nikamsikize kabla hawajaikubali. Nikaitia mfukoni, nikapanda baiskeli.

Baba, niliharibu. Nilikaa kwa kiti. Nilimhubiria tangu asubuhi hadi chai ya saa nne, Yona ndani, mke wa Lutu ndani. Enoka akasema, "Asante, mchungaji," kwa adabu zote, akanisindikiza hadi barabarani. Nikafika nyumbani nimevimba kifua kama mtu aliyeshinda kesi. Mke wangu Rasoa akaniuliza kitu kimoja tu: "Na yeye alisema nini?" Alisema asante, nikajibu. Rasoa akaangua kicheko, akaingia stoo, akatoka na jembe, akaliegemeza kwenye baiskeli yangu.

Wiki iliyofuata nikarudi. Enoka alipoona jembe alidhani nimechanganyikiwa. Tukaingia shambani kwake. Nikauliza swali moja, nikauma ulimi. Ehe, kunyamaza ni kazi, Baba! Hukuniambia inachosha hivyo. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Kwenye wa tatu akaanza kuyaambia magugu.

Kumbe kulikuwa na mazishi. Mapacha, Mukhwana na Mulongo, wanaume wazima wenye wake na watoto. Mulongo ndiye aliyefariki. Na Enoka, mbele ya umati, aliinua mikono juu ya jeneza akamkabidhi Mungu roho ya Mukhwana. Jina la aliye hai! Mukhwana mwenyewe amesimama kando ya kaburi, anasikia anavyozikwa. Kina mama wakapiga nduru. Wazee wakanong'ona kwamba pacha mmoja akishaenda, mwenzake huwa hakawii, sembuse akiitwa na mchungaji. Tangu siku ile Mukhwana hakukanyaga kanisani, na Enoka akimwona sokoni anakata kona. "Nimemwua mtu kwa mdomo wangu," aliniambia, akalia bila kujificha. Ukarani ulikuwa maficho tu.

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na mistari mitatu ya Biblia tayari. Nikaimeza yote mitatu, nikamsimulia kuku wangu kumi na mmoja. Akanitazama, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Alipokwisha kupangusa uso akasema mwenyewe, sikumsukuma, "Itabidi niende kwa Mukhwana."

Tulienda sote wawili, matope mpaka magotini. Nilijua Mukhwana akitufukuza, Enoka ndio basi, tumempoteza. Mukhwana alitoka mlangoni, akamkazia Enoka macho. Halafu akasema, "Wewe pastor, miezi mitano mimi ni maiti, nangojanga uje unifufue. Ulikuwa wapi?" Akamshika mkono, akamvuta ndani.

Enoka alimwombea kwa jina lake, kama mtu aliye hai. Kisha akamwombea Mulongo kwa jina la Mulongo, maneno yote ya mazishi tangu mwanzo, polepole. Hapo Mukhwana akamlilia pacha wake. Mkewe alituambia baadaye kwamba hakuwa amemlilia, kwa sababu alikuwa hajui kati yao nani amezikwa. Tulikula obusuma na mboga ya mrenda, na nilikula sana, ukweli usemwe.

Tuliporudi kwa Enoka nilitoa barua ile mfukoni nikampa. Akaichukua, akaitia jikoni kuwashia moto wa chai. Chai ilinuka moshi tupu, lakini nilimaliza birika.

Nilidhani yameisha. Kumbe wapi. Nilipokuwa nafunga jembe kwenye baiskeli akaniuliza, "Na wewe je, mchungaji? Wewe unamkwepa nani?"

Nilitaka kumjibu kama mkubwa wake. Nikajikuta nimesema ukweli: Mama Dorika. Mke wako, Baba. Tangu siku tuliyokuzika sijaingia kwake. Nimepita pale na baiskeli mara nyingi, nikapiga kengele, nikapunga mkono, nikaongeza mwendo. Nilihubiri kwa sauti kubwa juu ya jeneza lako, halafu nikamwachia yeye ukimya wote wa nyumba ile. Naogopa kuona kofia yako kwenye msumari. Naogopa atanipa kiti chako.

Na jambo lingine linaniuma. Miaka yote uliinama shambani kwangu ukinisikiza, sikukuuliza hata mara moja, na wewe Zakaria, una nini? Nisamehe. Nilikuona mkubwa, nikadhani mtu mkubwa hana mzigo.

Basi kwaheri, mzee wangu. Jua bado lipo, mvua ya leo haijaanza kunguruma, na Rasoa ameshanitolea koti. Nakuahidi sitapiga kengele nikapita. Nitashuka, nitabisha hodi, na Mama akifungua nitamwambia kabla ya salamu yoyote: Mama, niliogopa kuja.

Mwanao,
Habili