Baba Zena, Mwanao Ameingia Majini

Baba Zena,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipolala, ng'ambo ya mto, kama iko njia ya salamu kufika. Sisi tu hai. Nakuambia mapema usije ukahangaika kama ninavyohangaika mimi, maana tangu juzi sikai nikatulia. Nakaa chini, nainuka. Naandika mstari mmoja, naenda kuchungulia mtoni, narudi. Mama yako alinivumilia weee, mwisho akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile alizonifundisha baba, nawe ukazicheka ukisema mwanamke akijua kuandika atamwandikia nani. Haya, jibu umelipata. Karatasi imeloa pembeni kwa sababu nimevuka nayo imefungwa kichwani.

Ndiyo, tumevuka. Wote watatu, mimi na Zena na mama yako. Mama yako, Baba Zena! Yule aliyekuwa akioga kwa kata tu, tena ndani ya uzio, tena akilalamika kuwa maji ya huku kwetu yananuka mikoko. Lakini ngoja nianze mbali kidogo, nikirukia mwisho sitaweza kurudi nyuma.

Siku ile tulipokimbia kutoka shambani kwetu Dimani, askari wa Mdachi nyuma yetu, uliniambia nimbebe Zena mgongoni nitangulie. Nikaingia mtoni. Nilidhani unakuja nyuma yangu. Nilikuwa nimeanza kukufundisha kuelea, ulikuwa umejua kupiga miguu, na mto pale si mpana, wewe mwenyewe uliuona. Nilipofika katikati nikakusikia unapaza sauti: "Nendeni! Mimi siwezi kuosha dawa!" Zena aligeuza kichwa. Mimi sikugeuza, ningezama naye. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuona ukianguka, mimi nilisikia bunduki tu.

Siku ya pili walipoondoka tulirudi. Baba yangu alikuja kutoka kwake Mbuchi, akakuogesha. Wazee wengine walisema aliyeuawa vitani haogeshwi, baba akasema mkwe wangu nitamwogesha. Akachota mtoni. Maji uliyoyakataa ukiwa mzima ndiyo yaliyokupitia kichwani hadi miguuni, nami nimesimama mbali pamoja na wanawake, nimeuma kanga nisipige kelele za kukutukana. Ndiyo, kukutukana. Nilikuwa na hasira na wewe kuliko niliyokuwa nayo na Mdachi. Nisamehe, lakini sitakuficha.

Mjumbe wa dawa alisema nini? Alisema dawa yake itageuza risasi za Mdachi kuwa maji, ila aliyenyunyiziwa asile hiki, asiguse kile, na asiingie mtoni mpaka vita viishe, maana maji ya mto yatayafukuza maji ya dawa. Mliyashika hayo vijana wote, mkavaa zile mbegu za mtama shingoni, mkaacha kuvuka mito. Watu wa mtoni wakaacha mto! Nani aliwahi kusikia? Lakini kila nikifika hapo roho inanisuta, kwa sababu ninajua kitu kingine, kitu ambacho sikumwambia mtu.

Siku chache kabla mjumbe hajafika, nilikucheka. Unakumbuka. Tulikuwa tumekuja kumtazama baba, ukawa unajifunza pale penye uzio wa miti wa kuzuia mamba, umejifunga nazi mbili kavu kifuani kama watoto wa kwetu wanavyofanya. Nazi zikachomoka, ukazama, ukaibuka unakohoa, macho yamekutoka. Wanawake walikuwa wengi. Nikasema, tena kwa sauti, maana kwenu ni milimani: "Jamani, nimeolewa na jiwe la Umatumbini!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe nawe ukatabasamu. Kesho yake hukuja majini. Kesho kutwa hukuja. Kisha dawa ikaja na mwiko wake, ukaupokea kwa mikono miwili.

Sasa niambie. Ni dawa uliyoiogopea, au ni maji uliyoyaogopa ukapata pa kujifichia, au ni mdomo wangu? Swali hili nimelala nalo na kuamka nalo tangu tukuzike.

Nimekwenda kuchungulia tena. Ng'ambo bado kuna moshi. Haya, naendelea.

Baada yako tulihamia Mbuchi kwa baba, mama yako alikwisha kutangulia huko kwa mtumbwi kabla askari hawajafika Dimani. Askari wakaja mara ya kwanza, wakachoma maghala ya mpunga, wakatoboa mitumbwi yote kwa shoka ili watu wasikimbie. Kilichobaki ni mpunga wa huku ng'ambo ya mkono huu wa mto, kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia shamba, baba akahamia huku kuulinda. Mtumbwi hakuna. Anayejua kuogelea anakwenda kuchuma chochote kilichoiva, asiyejua anabaki Mbuchi anachimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kungoja aletewe. Mimi nikawa naletea watu. Nikachoka, nikasema hapana, kila mwenye miguu miwili na aje nimfundishe.

Wakanicheka. Mtu mzima hafundishwi kuogelea, ati, mifupa imekwisha kukauka. Akaja Bi Tatu peke yake, jirani yetu, kwa siri, alfajiri, amejitanda hadi puani. Huyu Bi Tatu akienda shambani alikuwa akimfunga mwanawe mdogo mguu kwa kamba kwenye nguzo ya dungu, asije akatumbukia mtoni yeye akiwa ameinama. Mtoto analia mchana kutwa, mguu umechubuka. Siku Bi Tatu alipoelea chali mara ya kwanza alitazama mbingu akacheka peke yake, akaniambia hajapata kulala hivyo tangu vita vianze. Baada yake nikamfundisha mtoto. Sasa ile kamba anaanikia nguo. Wengine walipoona, wakaja. Mwenye pumu kifua kimemfunguka kidogo, mwenye huzuni anarudi na njaa, na njaa siku hizi ni tatizo lakini ni afadhali kuliko mtu asiyetaka kula. Watoto jioni wanalala bila kuweweseka. Wanaweza kwenda na kurudi, Baba Zena, hawangojei mtu awavushe. Ukiona mtoto wa miaka saba anatoka majini, anajifuta uso, anasema kesho nitafika kule, unajua vita bado havijamchukua.

Ila wa kwangu. Watoto wa watu wote wanaogelea, wa mwalimu amekaa juu ya gogo. Zena alikuwa hanawi hata uso kwa maji ya mto. Nikimvuta anakakamaa, analia bila sauti, ananing'ang'ania shingo mpaka kucha zinaingia. Nilimbembeleza, nikamfokea, siku moja nikamchapa, Mungu anisamehe. Mwisho akaniambia mwenyewe: "Baba alisema maji yanaosha dawa. Nikiingia watanipiga risasi." Miaka sita, na amelishika neno lako la mwisho kama amana. Ningemwambia baba yako alikosea?

Ndipo habari ikaja kuwa askari wamepiga kambi Kibiti na watashuka kwenye vijito vyote, na safari hii wanachukua wanawake na watoto, wanawafungia mpaka wanaume wao watoke porini. Nani atatoka porini kwa ajili ya Zena? Wewe uko chini ya mchanga. Kumbeba mgongoni tena nisingeweza, amekua, na hapa mkondo una nguvu maji yakipwa. Na mama yako je? Ningebeba yupi nimwache yupi? Nilianza kutembea usiku na mchana, nikipima mto kwa macho.

Mama yako alinitazama siku mbili. Siku ya tatu asubuhi akanikuta nimeinamia mtungi, nalia. Akaketi. Nikamwambia yote, hata lile la jiwe la Umatumbini. Nilingoja anilaani. Akasema, "Mwanangu, hukumtia woga wewe. Nilimtia mimi." Akanieleza kuwa ulipokuwa mdogo kule milimani, kijito kikipita nyuma ya nyumba, alikuambia mna chunusi ndani yake, anavuta watoto kwa miguu, anawanyonya damu. Alikuambia kila siku, kwa sababu alikuwa na shamba na hakuwa na mtu wa kukuchunga. Ukakaa mbali na maji, naye akalima kwa amani. Akasema: "Nilidhani nimemlinda. Kumbe nilimfunga kamba."

Kisha akainuka. Na yeye alikuwa ameipokea dawa, ulijua? Mbegu zake alizificha ndani ya nguo. Akazitoa shingoni, akaziweka kwenye kiganja cha Zena, akashuka mtoni akishika miti ya uzio, magoti yanamlia. Maji yakamfika kiunoni. Akajichovya kichwa chote! Akaibuka, mvi zimemlala usoni, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Zena! Bibi yako nimeiosha dawa yote! Niko hapa, nani amenipiga? Njoo unishike, nisije nikaanguka mimi mzee!"

Zena alisimama. Nilijizuia nisiseme neno, na kwa mtu kama mimi unajua hiyo ni kazi. Akashuka hatua moja, akashuka nyingine, akamshika bibi yake mkono. Hakuja kujifunza, alikuja kumwokoa bibi. Nikawafunga nazi wote wawili.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulioga asubuhi, tukaoga jioni. Nikaweka mkono chini ya tumbo la mwanao, nikahesabu, nikautoa, asijue nimeutoa. Mama yako alinywa maji hadi akacheua, akamtukana Mdachi, akamtukana chunusi, akanitukana na mimi. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wanawake wa Mbuchi, anayemcheka mtu aliye majini hatafundishwa na mimi. Magoti yake yakaanza kukunjuka, Baba Zena. Mwanamke aliyekuwa akiinuka kwa kushika ukuta alianza kusujudu vizuri tena, na alipoona hivyo akawa yeye ndiye anayenivuta twende.

Juzi wakaja. Jua limetoka kidogo, tukasikia tarumbeta upande wa barabara. Maji yalikuwa yamejaa, yametulia, hayajaanza kupwa. Niliwaambia twendeni. Bi Tatu mbele na mwanawe, sisi nyuma. Mama yako alikwenda chali, ananisikiliza mimi tu, mkono wangu kwapani mwake. Zena alikuwa kando yetu. Hakushikwa na mtu. Nilitaka kumtazama kila mara nikaogopa kumtazama, nikawa namsikiliza, anavyohema, puh, puh, puh, na kila puh nilisema alhamdulillahi moyoni. Mahali fulani katikati nikasikia bunduki. Nikasikia puh. Nikasikia nyingine, maji yakaruka mbali kule. Nikasikia puh.

Tukagusa matope. Baba alikuwa amekuja mpaka kwenye mizizi ya mikoko, amenyoosha mikono, Kurani imemponyoka ikaanguka chini hata asijue. Tukajificha humo tumeloa, mama yako anatetemeka, na midomo yake ilikuwa inacheka. Askari walikaa ukingoni wakatupigia kelele, kisha wakachoma nyumba. Nyumba si kitu.

Walipoondoka Zena alichungulia kwenye majani, akautazama mto muda mrefu, akitazama kule tulikotoka na huku tulipo. Akaniuliza: "Mama, kule kwa baba, mto ulikuwa mpana kuliko huu?"

Nilitaka kumdanganya. Wallahi nilikuwa na uongo mdomoni. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Ulikuwa mwembamba kuliko huu."

Hakulia. Alinilalia kifuani na nywele zake mbichi. Basi mimi ndiye niliyelia, kwa mara ya kwanza hivyo tangu nilipouma kanga ile, na hasira yote ikatoka, sina tena, nimeitafuta tangu juzi siioni. Ndiyo maana sikai nikatulia. Nimezoea kuwa na hasira na wewe, sasa mikono yangu haina cha kushika.

Lala, mume wangu. Hukuwa jiwe. Ulikuwa mtoto aliyetishwa, halafu ukachekwa, halafu ukaambiwa hofu yako ni dawa. Nakuahidi mbele ya Mungu, sitamtisha mtoto kwa maji ili nipate kulima, wala sitamcheka mtu mzima anayekohoa ukingoni. Moshi ukiisha nitarudi pale nilipokuacha, nitashuka majini upande huu nivuke mpaka kwako, na Zena atakuwa mbele yangu.

Mkeo,
Siwatu